Siku Kilimia Kilipobadilishwa Jina

Jina la nyota hutoka shambani, si barazani. Mmenisikia nikimtupia mwenyekiti wa kijiji maneno hayo, mkacheka, kisha mkaniuliza nimeyatoa wapi. Kaeni basi. Yalianza hivi, na yalianza kwa hasira.

Zamani, katika kijiji cha Kwamsindo, paliishi bibi mmoja aliyeitwa Mwanamvua. Kazi yake ilikuwa kukitazamia Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana. Wazee walikiita hivyo kwa sababu walilima kwa kukifuata. Kilipochomoza mashariki mara tu jua lilipozama, Mwanamvua alipiga ngoma, na kila nyumba ikafungua kibuyu chake cha mbegu za mtama. Kabla ya ngoma hakuna aliyethubutu kugusa mbegu. Ikishalia, hakuna aliyeuliza.

Sasa Jumbe Mdoe, mtu ambaye viganja vyake havikujua mpini wa jembe, alikereka kwamba nyota zinapita juu ya nchi yake kila mwaka bila kumtaja. Wapambe wake, kwa kupenda ubwabwa wake, wakamwambia kundi lile limekaa kama kilemba chake. Akaamini! Akaitisha baraza mchana kweupe, akatangaza kwamba tangu siku ile Kilimia kitaitwa Kilemba cha Mdoe. Kisha akaagiza ngoma ya Mwanamvua ipigwe kwa shangwe.

Damu ilimchemka Mwanamvua. Akasimama mbele ya watu wote.

"Jumbe, ngoma hii si ya harusi. Ikilia, watu wa ng'ambo ya bonde watapanda, na mvua bado mwezi mzima."

"Nani kawaambia wapande? Mimi nasherehekea jina langu."

"Watajuaje? Wao wanasikia ngoma tu!"

"Bibi huyu ana mdomo," akasema Jumbe. "Mnyang'anyeni ngoma."

Wakamnyang'anya, wakaipiga mpaka jua likazama. Wale waliokuwa barazani, ambao masikio yao yalisikia onyo lote, walirudi makwao wakapanda vilevile. Walisema ngoma ni ngoma. Mpaka leo sijui niwaite wajinga au waoga.

Mwanamvua alishika njia kwa miguu kwenda ng'ambo ya bonde, alikoolewa binti yake Tabu. Tabu alikuwa na mtoto mchanga. Alimkuta amekaa mlangoni, kibuyu kimelazwa kando, kitupu.

"Shikamoo mama. Tumemaliza kupanda. Mbona mwaka huu umewahi hivi?"

Mwanamvua akakiokota kibuyu, akakitikisa; hata punje haikulia.

Ndege kwale walifukua mbegu, na walizoziacha ziliungua ardhini. Kilimia kilipochomoza kwa wakati wake, mvua ikaja nyuma yake, nzuri ajabu, na nchi nzima haikuwa na cha kupanda isipokuwa kibuyu kimoja cha Mwanamvua. Akagawa konzi moja kwa kila nyumba. Jumbe naye alikinga kiganja. Alipewa konzi yake kama wengine, bila salamu.

Konzi moja haivushi nyumba mwaka. Njaa iliingia, watu wakachimba mizizi porini, maziwa ya Tabu yakakauka. Mtoto yule wakamzika.

Mwaka uliofuata, Jumbe Mdoe alikwenda kwa Mwanamvua na doti ya kanga mkononi. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Bi Mwanamvua, nimekuja tuyamalize. Nimelirudisha jina. Kiitwe Kilimia kama zamani."

Mwanamvua hakuipokea ile kanga.

"Hukurudisha kitu, Jumbe. Jina halikuondoka lilipokuwa, kwa sababu si wewe uliyekipa Kilimia jina hilo. Kama unajua kurudisha, nirudishie mjukuu wangu."

Mwanamvua akachukua jembe lake, akampita pale mlangoni, na watu waliokuwa njiani walimsikia akisema kwa sauti kubwa, ili kila mwenye cheo aisikie:

"Jina la nyota hutoka shambani, si barazani!"