Jina la Kwenye Kola

Haya, sogeeni, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana fumbo hili limeshawagombanisha watu wanaokula sahani moja.

Palikuwa na wanawake watatu Arusha wenye karakana ya mavazi. Nasieku alikuwa na macho: akikitazama kitu mara moja, hata mwaka ukipita atakueleza rangi yake ya asubuhi na ya alasiri. Kibibi alikuwa na mkono wa batiki. Nta aliyoipaka kuzuia rangi ilitulia kwenye kitambaa, laini, bila ufa. Somoe alikuwa na cherehani, na nguo aliyoikata ilimkaa mtu utadhani kazaliwa nayo. Alikuwa na wivu pia. Tusimfichie.

Likatangazwa onyesho la mitindo: kila karakana ilete mavazi yanayotokana na mandhari ya mbali, kusikofikika kirahisi. Mbunifu atakayeshinda ataitwa jukwaani, na jina lake litashonwa kwenye kola ya kila vazi. Mbunifu mmoja tu.

Nasieku akaenda Ziwa Natron, akarudi midomo imekauka na viatu vimeliwa na magadi. "Maji mekundu, mashoga zangu," akasema, "na juu yake ukoko mweupe wa chumvi. Na kuna kitu kingine, sijui nikisemeje." Majirani wakajaa kumsikiliza. Kibibi akatandaza kitambaa, akakipaka nta, majirani wakahamia kwake. "Kibibi, una mkono wewe!" Somoe alikuwa pale pale akitia cherehani mafuta. Mmoja akamwambia, "Fundi, tupishe tuone."

Fundi! Hata jina hawakumtaja. Roho ikamuuma Somoe. Wenzake walipokwenda kula mchana, akakiendea kile kitambaa, akakikunjakunja, akakikamua kama dekio, kisha akakitandaza na kurudi kwenye kiti chake. Alitaka kiharibike, basi.

Kibibi aliporudi alikuta nta imepasuka kila mahali. Akalaumu baridi ya Julai, akalia, akataka kukitupa. Nasieku akamdaka mkono.

"Usitupe! Ndicho nilichoshindwa kukisema. Ukoko wa ziwa umepasuka hivi hivi!"

Kibibi akafuta machozi, akachanganya nyekundu kwa nyekundu mpaka Nasieku akasema ndiyo yenyewe. Rangi ikapenya kwenye nyufa. Vitambaa vilivyofuata Kibibi alivikunja mwenyewe, makusudi. Somoe akakata na kushona, akazipanga nyufa zifuate bega, kiuno na pindo, mvaaji akitembea ziwa linatembea naye.

Wakashinda. Nyuma ya pazia mshereheshaji akawauliza, "Haraka, niite jina gani?"

"Langu," akasema Nasieku. "Bila macho yangu kitambaa kingekuwa jalalani."

"Bila rangi yangu mngeonyesha shuka lenye mikunjo," akasema Kibibi. "Niite mimi."

Somoe angeweza kutaja ushonaji wake, na ungetosha kumweka sawa na wenzake. Lakini kuwa sawa nao hakukumtosha, alitaka kuwazidi.

"Haikuwa baridi," akasema. "Kitambaa nilikikunja mimi, kwa wivu, ili kiharibike. Bila wivu wangu kusingekuwa na ziwa. Jina ni langu."

Kibibi akamtazama kana kwamba hamjui. "Nililia mbele yako, Somoe. Ukaniletea maji ya kunywa."

"Nilikuletea," akajibu Somoe. "Na jina bado nalitaka."

Ukumbini watu walikuwa wameanza kupiga makofi kumwita mshindi, na mshereheshaji ameshika kipaza sauti, anawatazama mmoja mmoja.

Hapo ndipo ninapowaachia. Kuna aliyeona, kuna aliyetia rangi, na kuna aliyeharibu kwa roho mbaya kisha akashona kwa mkono mzuri. Nawe unayecheka hapo pembeni, kipaza sauti kingekuwa mkononi mwako, ungeita jina la nani?