Ukoo wa Fulana za Chungwa

Duka la kukodisha skuta za umeme, vigari vya kukalia kwa wasioweza kutembea sana, lilikuwa hatua chache kutoka lango la bustani ya burudani, pale Orlando, na asubuhi ile ya Jumamosi foleni yake ilikuwa imejipinda mara tatu kama chatu aliyeshiba. Wazee walisimama wakiegemea mikongojo, mabega ya wake zao na vigari vya watoto. Hakuna aliyeona haya. Mwenye goti bovu alilitaja goti lake, mwenye moyo dhaifu aliutaja moyo wake, na kila mmoja akapewa ufunguo akaenda zake. Mzee Lucius Gadsden wa Macon, jimbo la Georgia, naye alikuwa na magoti mabovu, na hayo aliyataja bila kusitasita. Alikuwa na jambo jingine ambalo hakulitaja.

"Ukibonyeza hapa kwa mkono wa kulia, inakwenda mbele," alieleza Yaritza, binti wa dukani. "Kwa kushoto, inarudi nyuma huku inalia. Ukiachia, inasimama yenyewe. Na hiki cha kuzungusha ni cha mwendo. Huku kuna picha ya kobe, huku ya sungura. Penye watu wengi, nenda na kobe."

"Nimeendesha basi la shule miaka thelathini na minne, binti yangu. Mimi na sungura tunafahamiana."

"Na macho vipi, mzee?"

"Ya mwewe."

Yaritza alimsogezea fomu. Lucius aliinama. Kalamu ikaelea juu ya meza kama nzi anayetafuta pa kutua.

"Nimesahau miwani," alisema.

"Baba, miwani umeivaa," alisema Verlene, bintiye.

"Hii ni ya mbali."

"Hiyo ndiyo ya karibu, mzee," alisema Dwight, mume wa Verlene. "Ya mbali umeiacha hotelini."

"Basi zimebadilishana," alijibu Lucius, akatia sahihi kwa mbwembwe.

Yaritza alitazama meza, akamtazama Verlene. "Ametia sahihi kwenye tangazo la pizza."

Wote wakaangua kicheko. Baba na mizaha yake. Lucius naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, maana kicheko ni blanketi pana. Dwight akamshika mkono akauongoza hadi kwenye fomu, na jambo likaishia hapo.

Ukweli ni kwamba miezi saba iliyopita daktari alimwambia kuwa nuru ya katikati ya macho yake inakufa, na kwamba ikifa haitarudi. Akamwambia pia aache kuendesha gari siku hiyo hiyo. Lucius alimshukuru, akatoka, akapanda gari lake, akaliendesha mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo alikuwa akiwatazama watu usoni asione uso, bali doa la kijivu, kana kwamba mtu amebandika kidole gumba juu ya picha. Kilichobaki kilikuwa pembeni: rangi, mwendo, kivuli. Angegeuza kichwa angeona kwa pembe ya jicho, lakini mtu anayezungumza nawe huku amegeukia ukutani lazima utamuuliza ana nini. Naye alichokihofia ni kuulizwa. Swali la kwanza lingekuwa la macho, la pili lingekuwa la funguo za gari. Mtu aliyewabeba watoto wa mji mzima hakutaka kuwa mzigo wa kubebwa.

Hata hivyo, siku ile hakuja kwa ajili ya michezo. Mjukuu wake Kezia, binti wa Verlene mwenye miaka kumi na saba, alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya shule, na bendi hiyo ilikuwa imealikwa kuandamana ndani ya bustani saa nane mchana. Wazazi walikaanga na kuuza samaki miaka miwili ili kupata nauli. Lucius ndiye aliyemfundisha Kezia kupuliza tangu akiwa na meno ya utotoni, na usiku wa kuamkia safari msichana alimshika mikono akamwambia, "Babu, nina sehemu yangu peke yangu, mbele ya ngome kubwa ya bustani. Ukae upande wa kulia, penye kamba. Nikikuona sitaogopa." Lucius aliapa kwamba angekuwapo hata kama itambidi atambae.

Ili mtu yeyote asipotee, Verlene aliwashonea Gadsden wote kumi na mmoja fulana za rangi ya chungwa kali, zenye jina la ukoo mgongoni. "Ukituona hutukosi," alimwambia baba yake. "Fuata chungwa tu." Lucius aliupenda mpango huo kuliko bintiye alivyojua. Chungwa lilikuwa mojawapo ya vitu vichache alivyobakiwa navyo.

Mambo yalikwenda vizuri hadi saa sita. Karibu na chemchemi ya maji, Dwight alikwenda kutafuta paja la bata mzinga la kuchoma, Verlene akaingia msalani, na wengine wakatawanyika vivulini. "Baba, usiondoke hapa," Verlene alisema. Lucius alikaa juu ya skuta yake, akisikiliza maji. Mara, pembeni mwa jicho lake, kundi kubwa la rangi ya chungwa likainuka na kuanza kusogea. Akadhani wamemaliza, wanaondoka, naye ameachwa. Akabonyeza kwa mkono wa kulia, akawafuata.

"Mjomba, mbona unabaki nyuma?" sauti ya mwanamume ilimuuliza. "Shika hizi." Mfuko wa njugu za kuchemsha, moto bado, ukatua mapajani mwake.

Lucius hakuitambua sauti. Angeuliza, "Wewe nani?" Lakini mwanamume huyo alikuwa mbele yake, hatua moja tu, mchana kweupe, na mtu mwenye macho ya mwewe haulizi hivyo. Labda ni upande wa Dwight, alijiambia. Watu wa Dwight wana sauti nene. Akajitia hamnazo, akatafuna njugu.

Nao waliomzunguka, ambao walikuwa ukoo wa akina Crump kutoka Alabama, nao wamevaa fulana za chungwa, watu arobaini waliokutana baada ya miaka sita, hawakushangaa hata chembe. Katika mkutano wa ukoo hakuna anayewajua wote. Kila aliyemwona mzee huyu mwenye fulana ya chungwa alidhani ni mjomba wa upande ule mwingine, na upande ule mwingine ukadhani ni wa upande huu. Walimnunulia maji ya ndimu. Walimsogeza katikati wakapiga picha ya ukoo, naye akatabasamu kuelekea asikokujua. Mwanamke mmoja alimbusu shavuni akasema, "Hujabadilika kabisa." Lucius akajibu, "Wala wewe," kisha akakaa akijiuliza amemsifu nani.

Njia ikapinda, ikashuka, ikapita darajani. Kelele za ngome zikafifia nyuma. Kichwa cha Lucius kilikuwa kama kabati lililomwagwa: sauti hizi ni za akina nani, mbona hakuna anayemwita Baba, mbona Verlene amenyamaza kiasi hiki? Ndipo simu ikalia mfukoni.

"Baba, uko wapi?"

"Niko nyuma yenu hapa."

"Nyuma yetu wapi?"

"Hapa hapa. Geuka."

"Nimegeuka. Sikuoni. Nipungie mkono."

Lucius akanyoosha mkono akaupunga. Mbele yake, katika ule ukungu wa chungwa, mkono mmoja ukapunga pia.

"Nimekuona," alisema kwa faraja.

"Umemwona nani, Baba? Mimi sijapunga."

"Basi aliyepunga ni nani?"

"Wewe ndiye utakayeniambia." Sauti ya Verlene ilianza kupanda. "Sikiliza, ni saa saba na nusu. Kezia yuko uwanjani anajipanga. Tafuta kibao chochote, kisome, tuje kukuchukua."

Kibao kilikuwapo. Kilikuwa kikubwa kama mlango, hatua tano mbele yake, na maandishi yake yote yalikuwa ndani ya doa la kijivu. Angesema neno moja tu, angeokolewa. "Simu inakatika," alisema Lucius, ilhali simu ilikuwa safi kama kengele. "Sikusikii, Verlene." Akaizima.

Skuta nyingine ikaja ikasimama ubavuni mwake. Aliyekuwa juu yake alinukia mafuta ya kafuri na pipi za mnanaa.

"Nimekutazama tangu darajani," sauti ya bibi kizee ilisema. "Mimi ni Odessa Crump, na nusu ya watu hawa nimewaogesha mimi utotoni. Wewe ni wa nani?"

Crump? Lucius hakulijua jina hilo. "Wa... upande ule," alisema.

"Wa Hattie au wa Luther?"

"Wa Luther."

"Luther hakupata mtoto. Alipata mbwa, na mbwa mwenyewe alimkimbia." Odessa akasogea karibu zaidi. "Mgongoni umeandikwa Gadsden, ndugu yangu. Sisi wote hapa tumeandikwa Crump, maandishi makubwa kama sahani. Umetembea nasi saa nzima. Huoni?"

Mbali sana, ng'ambo ya miti, ngoma ililia mara moja, kama mtu anayeijaribu. Bendi ilikuwa inajipanga. Uongo ulikuwa tayari ulimini, umeiva: miwani, jua, uzee. Lakini uongo huo ungemchukua muda, na muda ndio aliokuwa hana.

"Sioni, dada," alisema. Maneno yalimtoka taratibu kama jino linalong'olewa. "Katikati kote pamekufa. Miezi saba sasa. Hakuna ajuaye. Na mjukuu wangu yumo kwenye bendi ile."

Alingoja kuhurumiwa. Odessa hakumhurumia. "Saa nzima hujasema? Ungesema pale kwenye njugu tungekuwa tumekwisha kukurudisha. Lete simu." Akaiwasha, akambonyezea namba ya mwisho, akamweleza Verlene mahali walipo, kisha akamrudishia mzee simu. "La macho mwambie mwenyewe. Mimi si kinywa chako."

Lucius akamwambia. Upande wa pili ukawa kimya mpaka akadhani safari hii simu imekatika kweli.

"Ni mbali, Baba," Verlene alisema hatimaye, sauti ikiwa imekauka. "Tukija kukuchukua wote tutamkosa. Njoo kwenye kamba, upande wa kulia."

"Sungura," Odessa aliamuru, huku akizungusha kitufe chake cha mwendo. "Mimi natangulia napiga honi. Wewe fuata honi, achana na rangi."

Wakaondoka. Honi ya Odessa ilikuwa na sauti ya bata mwenye mafua, na kila ilipolia watu waligawanyika. Lucius aliifuata. Mara mbili alikwaruza ukingo, mara moja alimkanyaga bwana mmoja kiatu, na safari hii hakutunga kisa. "Samahani, sioni vizuri," alisema, na bwana yule akasogea akasogeza na wenzake.

Kwenye kamba umati ulikuwa umesongamana kama dagaa. Mlinzi akanyoosha mkono. "Hapa hapapitiki tena, wazee wangu."

Odessa alifungua kinywa, lakini Lucius alimwahi. "Mimi ni kipofu wa katikati," alisema. "Nikikaa nyuma ya watu sioni kitu. Mjukuu wangu anapiga tarumbeta."

Mlinzi hakuuliza la zaidi. Akainua kamba, akawaingiza mahali palipotengwa kwa wenye shida, mbele kabisa, hatua tatu kutoka njiani. Pahali hapo palikuwapo siku zote. Bustani nzima ilikuwa na mahali kama hapo, kwa yeyote aliyesema.

Bendi ikafika. Ngoma zilipiga mpaka viti vya skuta vikatetema. Kisha zikanyamaza zote, na tarumbeta moja ikapanda peke yake. Lucius alitazama mbele, akaona doa. Basi akafanya jambo ambalo kwa miezi saba hakuwahi kulifanya mbele za watu: aligeuza kichwa pembeni kabisa, akaelekeza uso kwa muuza puto mmoja. Na pale, ukingoni mwa jicho, shaba ikametameta, kiwiko kikainuka, na msichana mrefu akasimama akipuliza. Alimwona mpaka noti ya mwisho.

Verlene alifika akihema, Dwight nyuma yake, wakati safu za mwisho zikipita. Hakumkumbatia baba yake.

"Jumatano ulimpeleka Kezia mazoezini," alisema. "Kwa gari lako. Barabara kuu."

"Nilimpeleka."

"Ukiona nini?"

"Mistari ya pembeni. Taa za walio mbele. Njia naijua, Verlene."

"Njia unaijua. Na mtoto anayevuka njia, naye unamjua?"

 Lucius alikunja juu ya mapaja mikono yake iliyoshika usukani miaka thelathini na minne. Odessa aligeuza skuta yake polepole, akawaachia nafasi. Ndipo Lucius akasema, "Jumapili utanipitia tuende kanisani?"

"Kila Jumapili," Verlene alijibu. Bado alikuwa amekasirika, na alikuwa analia.

Kezia alikuja mbio, manyoya ya kofia yakiwa yamelala upande. "Babu, nilikuona mapema, mbele kabisa. Lakini nilipoanza kupuliza ukageuza uso. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea, mama. Nikikuelekea unapotea. Nikigeuka ndipo nakuona."

Msichana alimtazama mama yake, akamtazama babu, asielewe. Ndipo Lucius akamsimulia yote, tangu kwa daktari, mbele ya Gadsden wote na Crump wawili watatu waliokuwa wamewafuata.  Alipomaliza, Kezia alikwenda pembeni, akasimama karibu na bega la babu yake.

"Hapa?"

"Rudi nyuma kidogo. Hapo."

"Unaona nini?"

"Umetoka jasho mpaka kidevuni, na kofia yako imepinda."

Kezia akainyoosha. Kwa miezi saba mzee Lucius alikuwa hajauona uso wa mjukuu wake, kwa kuogopa tu kusema kuwa hauoni. Ama kweli, mficha uchi hazai.