Mkate wa Siku ya Saba

Wasimulizi wa kale, waliosema kweli na waliotia chumvi, nami sisemi niko kundi gani, wametupokeza kwamba alikuwako Sultani jina lake Ghalibu bin Mundhiri, akiutawala mji wa Nuhasi, na mji huo ulikuwa mji wa wafua shaba, na kila uchochoro ulikuwa na jiko la kuyeyushia, na juu ya kila jiko palikuwa na paa la makuti. Shaba inachemka chini, makuti makavu juu! Mtu mwenye akili timamu angejenga hivyo? Lakini ndivyo walivyojenga babu zao, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kubadilisha, kwa hiyo halikupita juma bila nyumba kushika moto.

Basi walikuwako watu arubaini walioitwa Watu wa Kiriba, na kila mmoja wao alikunywa funda moja la maji kutoka katika kiriba cha ngozi mbele ya Sultani, akaapa kwamba baragumu likilia ataacha alichoshika na kukimbilia moto, na kwamba hatapokea ujira, hata tende moja, kwa nyumba aliyoiokoa. Na Sultani aliwasifu kila Ijumaa. Sifa walipewa za kumwaga, na wakarudi nazo nyumbani, na watoto wao wakauliza chakula kiko wapi.

Miongoni mwao alikuwako kijana mwoka mikate aitwaye Hunaidi, mwepesi wa miguu kuliko wote, naye hakuwa na raha hata punje. Akikanda unga sikio liko nje, akila goti linatikisika, akisali anakosea rakaa, na baragumu likilia huruka akaacha mikate tanurini, na akirudi, nyusi zimeungua, hukuta makaa matupu. Na mwenye kupuliza baragumu hilo juu ya mnara wa miti alikuwa Nadhifa, binti wa mlinzi wa mnara, na Hunaidi alimpenda binti huyo mpaka usingizi ukamwishia.

Akaenda kumposa. Baba yake, Mzee Sufiani, alikohoa kwanza kwa muda mrefu, kwani kifua chake kilikuwa kimekwisha kwa moshi, kisha akasema, "Mwanangu Hunaidi, wewe ni kijana mwema, na wema wako ndio unaoniogopesha. Mimi nilibeba kiriba miaka thelathini, na mshahara wangu ni kifua hiki. Mama yake Nadhifa amekufa akinipasulia kuni, maana mimi pumzi sina. Unataka kumfanya binti yangu vivyo hivyo?"

"Sitaki, mzee wangu. Lakini nyumba za watu zikiwaka, nikae?"

"Sijasema ukae. Nimesema niletee mkate mmoja mzima, usioungua, siku saba mfululizo. Nikiona unaweza kulinda tanuri lako siku saba, nitakuoza."

Siku saba! Hunaidi akajaribu, na siku ya tano baragumu likalia. Akaanza upya, na siku ya sita likalia, na aliyelipuliza ni Nadhifa mwenyewe huku machozi yanamtiririka, kwa sababu kutoka juu aliuona moto, na tanuri la mchumba wake aliliona pia.

Ikawa siku moja, baada ya kuzima ghala la mfanyabiashara, Hunaidi akaokota pete ya shaba majivuni, akampelekea mwenyewe. Mfanyabiashara akasema, "Takataka hiyo? Itupe." Hunaidi akaisugua kwa ukosi wa kanzu yake, na mara pakasimama mbele yake jini, mrefu kama mnazi, macho mekundu, na uso wa mtu aliyeamshwa kwa makelele.

"Mimi ni Sharkashi, mtumwa wa pete. Nimekuja. Sema upesi."

Hunaidi akasema, "Ewe Sharkashi, kila baragumu likilia nikakuita, uende ukazime moto badala yetu."

"Nimesikia," akasema jini.

Na kweli, moto ulipozuka, jini alivuta maji ya mto kwa mkupuo mmoja akayatema juu ya paa, na mji ukashangilia, na Watu wa Kiriba wakarudi majumbani mwao, na viriba vyao vikatundikwa misumarini vikakauka mpaka vikapasuka. Hunaidi akaoka mkate wa kwanza, wa pili, wa tatu, yote mizima. Lakini ajabu ni hii: raha hakuipata. Alisikiliza bado, maana kila mara jini alichelewa zaidi. Mara ya kwanza lilipotea paa, mara ya pili chumba, mara ya tatu nyumba nzima, na Hunaidi akajiambia, "Afadhali, hakufa mtu," akaendelea kukanda. Tazama mapenzi yanavyoweza kumfanya mtu mwema awe na sikio zito!

Siku ya saba, adhuhuri, akatoa mkate wa saba, wa rangi ya asali, akaufunga katika kitambaa ampelekee mzee. Hajafika nusu ya njia, baragumu likalia, likakatika katikati. Akatazama juu. Mnara ulikuwa unawaka kuanzia chini, na Nadhifa alikuwa juu yake.

Akaisugua pete mpaka kidole kikatoka damu. Jini akaja akitembea polepole, na mkononi ameshika kikombe cha kahawa chenye maji.

"Ni nini hicho?" akalia Hunaidi.

"Maji. Umesema nizime moto, nazima. Pete inanilazimisha nije. Hainilazimishi nifanye haraka."

Hunaidi akavua kilemba, akakimbilia viriba vilivyotundikwa, akajaza kimoja, maji yakavuja miguuni pake. Cha pili hivyo hivyo. Watu wa mji wakasimama wakipiga kelele, kwani walikwisha kusahau namna ya kukimbia. Mzee Sufiani alikuwa amepiga magoti vumbini akimwita binti yake, na sauti haimtoki. Hunaidi akarudi kwa jini, akamshika pindo la nguo, akamwambia, "Kwa Mungu aliyekuumba kwa moto, unataka nini?"

Jini akasema, na sauti yake haikuwa tena ya kiburi, "Miaka elfu moja na mia mbili nimejenga majumba, nimebeba mabinti wa wafalme, nimezamia lulu, na wewe ni wa kwanza kuniuliza hivyo. Nina njaa, Hunaidi. Kila siku napita kwenye tanuri lako, na harufu ile inanitesa."

Mkate ulikuwa mmoja tu, nao ndio uliobeba ndoa yake. Hunaidi hakungoja. Akaufungua kitambaa akampa jini, akaivua pete akaitupa juu ya jiwe akaivunja kwa kisigino, akasema, "Kula. Na uko huru. Ukitaka kwenda, nenda, mimi napanda." Akaurukia mnara unaowaka kwa mikono mitupu.

Jini akala mkate ule kwa tonge mbili. Kisha mto ukasimama wima kama ukuta ukauangukia mnara, na mvuke ulipotawanyika, walimwona Hunaidi, ngozi ya mikono imemtoka, amemshika Nadhifa, na Nadhifa ameshika baragumu.

Sultani akawaita wote barazani, na Waziri Mutawakili, mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri, akasimama akasema, "Ewe Sultani, Mungu akuzidishie umri, tusilipe ujira. Ukimlipa mtu kwa moto, atautafuta moto. Na atakayekuja kwa ujira, moyo wake hatakuja nao."

Watu wakanong'ona, kwani neno hilo lilikuwa na uzito. Hunaidi, mikono imefungwa vitambaa, akajibu, "Waziri wetu amesema kweli nusu. Basi msitulipe kwa moto. Tulipeni kwa kuwa tayari, moto uwake usiwake. Mimi miguu yangu inakimbia hata nikiwa nimeketi. Huko nako ni kufanya kazi. Na huyu Mzee Sufiani, mlipeni kifua chake. Jini huyu alilazimishwa akatuletea kikombe. Aliposhibishwa na kuachwa huru alituletea mto. Moyo wake ulikuwa wapi, tumboni au kwenye pete? Sijui. Najua tu kwamba alikuja."

Sultani akainamisha kichwa, akaona haya kwa Ijumaa zake zote. Akaamuru kila mtu wa Kiriba apate nafaka na nguo kutoka hazina kila mwezi, na aliyeumia apate mpaka kufa kwake. Tena akaamuru hivi: baragumu likilia, asiyekimbia ashike kazi ya aliyekimbia, mtaa kwa mtaa, kwa kura, hata awe nani. Waziri akacheka kwa adabu.

Mnara ukajengwa upya, na Hunaidi, mikono ilipopona, akaanza siku zake upya, ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba, mkate ukiwa tanurini. Baragumu likalia. Hunaidi akatazama tanuri, akatazama njia, akakimbia, na ubavuni mwake Sharkashi anakimbia pia, kiriba begani, maana alikwisha kunywa funda lake na kuandikiwa mikate mitatu kwa siku.

Moto ulikuwa mkubwa. Aliporudi jasho linamtoka, tayari amekata tamaa, alimkuta mtu mbele ya tanuri, amekunja mikono ya joho, ndevu zimejaa unga, anahangaika na koleo.

"Kura imeniangukia," akasema Waziri Mutawakili, bila kumtazama. "Nimeugeuza mara nne. Sijui kama ndivyo inavyofanywa."

Mkate ulikuwa umekunjamana upande mmoja, umbo kama kiatu, lakini haukuungua. Mzee Sufiani akaumega, akautafuna taratibu, akakohoa, akalia. Ndoa ilifungwa siku ile ile, na mikate ya Hunaidi ikaenea nchi nzima, na mali ikamjia, na wao wakaishi kwa furaha mpaka alipowajia asiyebisha hodi. Nanyi mnaosikiliza, msifuni anayewakimbilia, lakini kabla ya kumsifu mwulizeni ni nani anayegeuza mkate wake.