Mbuzi wa Akika

Apa kwanza hutamwambia mtu. Mimi niliapa pia, na haya nakwambia.

Bwana Falaki, yule mjuvi wa maana za majina, alijileta kwenye akika ya mjukuu wa Bi Mize. Kila jina lililotajwa alilitia mkosi, ili apewe mbuzi wa shughuli eti akamtoe kafara.

"Basi tumwite Makame," alisema Bi Mize kwa upole.

"Lo! Maana yake mwizi, tena mlafi! Nipeni mbuzi!"

"Mchukue, baba. Na mtu mzima aliyekwisha kuitwa hivyo?"

"Afukuzwe mtaani!"

Alipokwisha shika kamba, Bi Mize alifungua mlango wa jiko. Akatoka bikizee, mgeni wake kutoka shamba.

"Makame mwanangu!" alilia akimshika Bwana Falaki mkono mbele ya wageni wote. "Mbuzi wa nani tena huyo?"