Saba Tisa Kwenye Daftari la Mama

Hapo zamani, zamani ya jana tu, maana walioishuhudia bado wako hai, huko Usangi aliishi mjane aitwaye Namkunda, mgonjwa wa sukari. Aliweka sheria moja nyumbani: namba haijasemwa, chungu hakifunuliwi.

Mwanawe Elieneza alituma kutoka Tanga mashine ya kupimia sukari pamoja na stripu zake, vijikaratasi vya kugusishia damu. Nakijwa, dada yake Elieneza, alimtoboa mama kidole kila asubuhi, akaisema namba, akaiandika daftarini. Nambike, mke wa Elieneza, aliisikia namba, ndipo akafunua chungu. Namba ikiwa chini, mama alipata kipande cha ndizi mbivu. Ikiwa juu, maharage na mchicha, ndizi hapana.

"Mnanilisha kama mbuzi," mama alilalamika.

"Mbuzi gani anayedai ndizi, mama?" Nakijwa alimjibu.

Wakacheka. Wakaishi hivyo miaka minne.

Mwaka wa tano stripu zikaanza kuja nusu. Elieneza alipoulizwa, alisema dukani zimeadimika. Kisha zikaisha kabisa. Asubuhi hiyo mama alikaa mbele ya chungu hadi adhuhuri.

"Namba haijasemwa," alisema, akakataa hata uji.

Nakijwa akashindwa kuvumilia. Akamtoboa mama kidole, akagusisha damu kwenye stripu ya jana iliyokwisha kutumika, kana kwamba ni mpya, akasema, "Saba." Akaandika saba. Nambike akafunua chungu, akamenya ndizi.

Kesho yake, saba. Keshokutwa, saba.

Mama akawa anamaliza mtungi wa maji kwa siku. Nambike akaona sisimizi wamejaa chooni, wamefuata sukari ya mkojo, akashtuka. Lakini daftari lilisema saba. Akafunua chungu.

Baada ya saba ya tisa, mama hakuamka. Hospitalini mashine haikutoa namba. Sukari ilikuwa imepita kipimo chake. Jua halikuzama akiwa hai.

Matanga yalipoanuliwa, mjomba wao alilifungua daftari. Chini ya zile saba tisa palikuwa na mstari mtupu.

"Siku ya mwisho haijaandikwa," alisema. "Aliyemkosea dada yangu kuliko wenzake aijaze kwa mkono wake."

Elieneza akasema, "Nipe kalamu, mjomba. Nina sukari tangu mwaka jana. Nusu ya stripu nilijipimia mwenyewe, nikawaficha, hata mke wangu. Sikutaka mama alie kwa ajili yangu."

Nakijwa akasema, "Kaka, wewe ulipunguza stripu. Mimi nilisema uongo mara tisa, kwa sababu sikuweza kumwangalia akishinda njaa."

Nambike akasema, "Wifi, wewe hukuona sisimizi. Mimi niliwaona. Ila mama alikuwa ameanza kuimba tena jikoni, nami nikaona heri niiamini saba."

Mjomba akaishika kalamu. Mikono mitatu ilikuwa imenyooshwa mbele yake.

Enyi mliokaa hapa, nanyi mna mama zenu: je, mjomba angempa nani kalamu?