Shangazi na Mwanafunzi Mwenye Kitambi

Aliyenunua mlango, aingie mwenyewe. Mmelisikia neno hilo sokoni leo, mkacheka kwa sababu wengine walicheka, kisha mmekuja kuniuliza limetoka wapi. Kaeni basi. Msidhani limetoka kwa mababu wa kale. Limetoka kwenye banda la ng'ombe, na aliyelileta duniani alifundishwa kwa mateke.

Huko Rungwe, penye mvua na majani yasiyokauka, palikuwa na tajiri wa mbao na malori, Bwana Ambakisye Mwalukasa. Nyumba alikuwa nayo, kitambi alikuwa nacho, lakini moyo haukutulia. Jirani yake mmoja aliitwa Baba Mwalimu, wa pili Baba Mhandisi, naye alibaki Baba Gwakisa tu. Siku moja kwenye harusi, shibe ilipompanda kichwani, akasimama na kutangaza kwamba mwanawe Gwakisa anaingia Chuo cha Mifugo, na atatoka humo daktari wa ng'ombe. Tangu siku hiyo hakuitika mpaka aitwe Baba Daktari.

Kasoro ilikuwa moja: Gwakisa aliwaogopa ng'ombe tangu utotoni. Yeye alipenda malori. Na chuo kile hakikumpokea mtu kwa vyeti peke yake. Mwombaji alikabidhiwa ng'ombe asiyemjua, ndoo tupu na maji ya uvuguvugu, akaambiwa akamue mbele ya walimu.

Baba Daktari hakuona taabu. Alimchukua mchungaji wake, Lusajo, aliyekuwa rika moja na Gwakisa, akamvisha shati la Gwakisa na kumshikisha vyeti vya Gwakisa, maana siku hizo vyeti havikuwa na picha. Lusajo akakamua mpaka povu likafurika ndooni, akapata nafasi ya mwisho iliyobaki. Msichana aliyekuwa nyuma yake, Subilaga, akarudishwa nyumbani. Baba Daktari alimwona akitoka getini na mama yake, wote wawili wanalia. Akapandisha kioo cha gari, kwa sababu mvua ilikuwa inaanza.

Lakini mjanja huyu alisahau kuuliza desturi za chuo. Ng'ombe uliyemkamua siku ya usaili ndiye wako; utamlisha, utamwosha na kumkamua hadi utakapohitimu. Na ng'ombe wa Lusajo alikuwa Shangazi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuona haya kumwumbua mtu mbele ya wageni.

Siku ya kufungua chuo wazazi walialikwa bandani kuwatazama watoto wao wakianza kazi. Gwakisa aliingia na koti jeupe lililopigwa pasi. Shangazi akamnusa. Akageuza shingo, akamnusa tena ili asije akamwonea mtu bure. Teke la kwanza likaipeleka ndoo mlangoni. La pili likampeleka Gwakisa ndani ya hori la majani.

Mkuu wa chuo, Mama Kissa, alikuwa mwanamke mfupi asiyepandisha sauti. Akasogea na kuinama juu ya hori.

"Kijana, wewe na Shangazi mmekosana lini? Siku ya usaili mlielewana vizuri."

"Mama, mimi sijawahi kumwona," alijibu Gwakisa, majani yamemjaa kichwani. "Aliyekuja ni Lusajo wa nyumbani. Baba ndiye..." Sentensi akaimalizia kwa kidole.

Ofisini Baba Daktari alikaa bila kukaribishwa. "Mama, haya ni mambo ya kuzungumza tu. Taja faini. Hata bweni nitawajengea."

"Utajenga Jumatatu, Jumanne umesahau ulijengea nini," alisema Mama Kissa. "Kukutoza fedha wewe ni kumtishia samaki kwa maji."

"Basi mfukuze mtoto."

"Mtoto ataondoka, na leo hii namfuata Subilaga aje kwenye nafasi yake. Lakini mtoto hakununua kitu. Lusajo naye alitumwa, na kukamua alikamua kweli. Mwakani aje kwa jina lake mwenyewe. Aliyekitaka chuo hiki ni wewe, Baba Gwakisa. Ingia."

"Niingie wapi?"

"Darasani. Bwenini. Bandani. Kengele ikilia unaamka, na cheti hupati. Hutoki hapa mpaka Shangazi akuridhie umkamue. Kama hutaki, twende polisi sasa hivi."

Baba Gwakisa aliuona ukumbi wa mahakama, soko zima limejazana humo, na Baba Mhandisi mstari wa mbele anakula karanga. Akakohoa. "Gambuti za saizi yangu mnazo?"

Hivyo ndivyo tajiri alivyoanza masomo. Bwenini alipangiwa kitanda cha juu, na kila alipokipanda wenzake walishika miguu ya kitanda na kumwomba Mungu. Wanafunzi walimwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee," kisha wakamkabidhi koleo la kuzolea kinyesi, kwa kuwa mwaka wa kwanza ni mwaka wa kwanza. Kwenye mtihani aliulizwa kazi ya tumbo la ng'ombe, akaandika kwamba ni kushiba. Makande ya chuo aliyakataa, akayatazama, akayala, akaomba ya kuongeza.

Shangazi tu ndiye aliyekataa kubembelezwa. Alimpiga asubuhi, alimpiga jioni, na siku za sikukuu alimkanyaga.

Banda la pili lilikuwa la Subilaga. Mzee aliogopa kumtazama binti yule; alingoja kuchekwa, na alijua anastahili. Subilaga hakumcheka. Alimwacha ahangaike, mpaka asubuhi moja uvumilivu ukamwishia.

"Mzee, mikono yako ni ya baridi, tena una haraka. Huyu si lori. Ioshe kwa maji ya moto kwanza, umsemeshe, umngoje."

Mzee akaosha mikono. Akiwa amechuchumaa akauliza, bila kuinua uso, "Binti, siku ile ya usaili ulilia mpaka wapi?"

"Mpaka nyumbani. Mama alikuwa ameshawatangazia majirani."

Baba Gwakisa akaikumbuka ile harusi. Naye aliwatangazia watu, tena kwa kipaza sauti, lakini yeye alikuwa na gari la kujifungia. Aibu ikamshika, ile aibu ya kweli isiyohitaji mtu wa kuishuhudia, na machozi yakamtoka hapo hapo kwenye kinyesi.

"Nisamehe, mwanangu."

"Mzee, mimi nimeshafika chuoni," alisema Subilaga. "Wewe osha kiwele, maji yanapoa."

Sijui kama ni mikono ya moto au ni machozi, lakini Shangazi siku ile alisimama. Maziwa hayakujaza hata kikombe, na mzee aliyabeba kwa Mama Kissa kwa mikono miwili. Mama Kissa akayatazama sana, akasema haya, nenda nyumbani. Huko alimkuta Gwakisa ameshika kazi ya malori, nayo yanafika kwa wakati, na wateja wamesahau kutukana.

Muda haukupita mrefu. Walipokuwa wakinyolewa kwa kinyozi, tajiri mwenzake, mfanyabiashara wa chai, alivuta kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Baba Gwakisa, nina binti yangu, nataka aingie chuo cha uuguzi. Kichwa chake si kibaya, ila hapendi kusoma. Wewe milango ya vyuo unaijua. Upi unanunulika?"

Baba Gwakisa alimtazama rafiki yake, mtu ambaye kijiji kizima kilijua kwamba kuku akichinjwa yeye huzimia.

"Mlango haukosekani, ndugu yangu. Ila kuna jambo moja wasilokwambia. Aliyenunua mlango, aingie mwenyewe. Je, damu unaiweza?"

Yule bwana aliondoka na nusu ya nywele haijanyolewa. Jioni hiyo, waliopita nje ya nyumba yake walimsikia akimsihi binti yake, kwa sauti ya mtu anayeokoa roho yake: "Soma, mama. Nakuomba, soma!"