Mama Aliyekataa Kulazwa Garini

Fungeni Biblia kidogo, wapendwa, niwaambie habari ya gari. Naona mnatazamana, mchungaji leo ana nini. Nisikilizeni tu.

Kulikuwa na mjane mmoja ambaye shemeji zake walilitaka shamba lake. Walizunguka kijiji kizima wakisema yule mama kwisha habari yake, yuko kitandani, hata mipaka haikumbuki tena. Siku ya baraza la ardhi ikafika. Mwanawe, aliyekuwa na gari la zamani lenye viti vya umeme, akaja kumchukua.

Sasa kile kiti cha mbele kilikuwa kibovu. Kilikuwa kimelala chali na hakiinuki tena. Ukibonyeza swichi, mota inanguruma huko chini, kiti hata hakitikisiki. Nyuma nako, nusu ya nafasi imeliwa na hicho kiti kilicholala, na nusu iliyobaki wamebanana majirani, mashahidi wa mama. Kijana akamwambia mama yake ajilaze tu, safari yenyewe fupi, atamfunika kanga apumzike.

Mama akamtazama. "Mwanangu, baba zako wadogo wanasema mimi ni wa kulala. Unataka nifike mbele ya baraza nimelala? Siingii."

Mlitaka ajibu nini? Wakimwona amelazwa humo ndani, kesi imekwisha kabla hajafungua mdomo.

Fundi akaitwa, akaingiza kichwa chini ya kiti, akaiona shida. Mnaijua ile nailoni ya viti? Ile tunayoiacha miaka nenda rudi ili gari lionekane limetoka dukani jana, hata kama linakohoa njia nzima, nasi tumekaa juu yake jasho linatutiririka? Haya. Pindo lake lilikuwa limejisokota kwenye gia ya mota. Fundi akasema haitoki bila kuichana yote, maana imeshonewa kwa chini.

Kijana akaja juu. Akasema hiyo nailoni ndiyo heshima ya gari, hata watoto wake hawaruhusiwi kuigusa. Halafu, wapendwa, inaniuma kulisema, akamgeukia mama yake: "Mama, si ulale tu. Leo tu."

Leo tu! Na leo ndiyo siku ya shamba lake!

Mama akachukua kisu cha fundi, akaichana ile nailoni toka juu mpaka chini, akamrudishia kisu chake na kumwambia aendelee. Fundi akaisafisha gia, akapaka grisi, akabonyeza swichi, kiti kikainuka. Mama akafika barazani amekaa wima, akashuka kwa miguu yake mwenyewe, akaonyesha mpaka mmoja baada ya mwingine, shemeji zake wakitazama chini.

Naona mnamcheka yule kijana. Yule kijana ni sisi. Alimpenda mama yake, ndiyo, si alifunga safari kumchukua? Lakini ilipofika mahali pa kuchagua, alimwomba mama alale. Sisi tumewalaza wangapi ili mambo yetu yaendelee kung'aa? Tunawaambia watulie, wavumilie, leo tu. Kisha tunasema hiyo ndiyo amani ya kanisa. Mimi nimechoka na amani ya namna hiyo.

Leo baada ya ibada wazee wa kanisa wanakaa kuamua habari ya kile kiwanja ambacho kina mama wamekilima tangu jengo hili likiwa la makuti. Kina mama hawakuitwa. Nimeambiwa nisiliseme hapa, nitaharibu sura ya usharika. Basi nimelisema.

Kina mama, tukishasema Amina, msiende kupika. Chumba cha kikao mnakijua. Ingieni, mkae, na atakayetaka kuwatoa, aanze na mimi.